Waya wa kusuka na waya wa mzungu: siku niliyofungwa macho Koboko nichague upi unaimba vizuri

Wakuu wa jukwaa la muziki, salamu kwenu nyote, mnaosikiliza kwa spika za bei mbaya na mnaosikiliza kwa simu iliyowekwa ndani ya bakuli.

Nimefuatilia ule uzi wa nyaya za umeme za amplifaya mpaka macho yameniuma. Kundi moja linasema ukibadilisha waya unaotoka kwenye soketi, muziki unafunguka. Kundi la pili linasema waya ni waya tu. Mmeshatukanana vya kutosha, sasa nipeni nafasi kidogo.

Mimi si fundi. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu makalio yangu hayakupenda benchi. Lakini jambo hili nililipitia kwa masikio yangu mwenyewe, na nitalisimulia lilivyotokea bila kulitia chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, nalala dukani kwa fundi redio mmoja. Asubuhi moja nilinawa uso, nikatoka kwenda kunywa chai, na sikurudi.

Hakukuwa na ugomvi wowote. Nilikuta tu pikapu imepakia kreti za soda, nikamuuliza dereva anaelekea wapi, akasema Koboko, nikapanda juu ya kreti. Ndivyo nilivyokuwa naishi enzi hizo. Mama yangu alikuwa anaishi kijijini Ombaci, na alishazoea. Akikutana na mtu anayenijua hakuuliza kama nipo mzima, aliuliza nipo upande gani.

Koboko nilifika soko limechangamka. Sikuwa na ndugu pale, wala rafiki, wala shughuli. Nikawa natembea tu.

Nyuma ya mashine ya kusaga unga nikasikia rumba ya Kongo. Gitaa tamu sana. Wimbo ukaenda kidogo, ukakatwa. Sauti za wanaume zikapanda. Kisha wimbo uleule ukaanza tena mwanzo, ukakatwa tena.

Nyinyi mngepita. Mimi nilichungulia.

Ndani ya chumba kilichoegemea ukuta wa mashine walikuwepo watu watatu. Asuman, muuza vitambaa, kanzu safi, mtu mzima. Lemi, rika lake, mkulima wa upande wa Kuluba ambaye pia alijua kuunda maboksi ya spika. Na Keji, mke wa Lemi, amekaa juu ya gunia, amechoka uso mzima.

Mbele yao kulikuwa na amplifaya, deki ya kaseti, na spika mbili ndefu kama kabati. Nje mlangoni mkokoteni ulikuwa unasubiri.

Lemi aliponiona hakuuliza jina langu.

"Wewe iko na ndugu hapa Koboko?"

Nikamwambia sina.

"Hata shemeji? Hata mutu umekula naye?"

Nikasema nimeshuka kwenye pikapu sasa hivi.

Akamgeukia Asuman. "Huyu ndiyo mutu tunatafuta. Hapa kila sikio iko na ukoo wake. Hii sikio haina mutu."

Basi nikakaribishwa ndani, nikapewa soda, nikaelezwa kesi.

Amplifaya ilikuwa ya Asuman. Spika zilikuwa za Lemi. Deki waliinunua pamoja. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanapiga muziki kwenye harusi zote, za msikitini na za kanisani, kutoka mjini mpaka Midia. Familia zao zilikuwa zinakula pamoja Idi na Krismasi. Mmoja bila mwenzake alikuwa na boksi lisilotoa sauti.

Ugomvi ulianza na mzungu. Huyu mzungu alikuwa akifanya kazi na wakimbizi, mpenzi mkubwa wa muziki, na alipohamishwa akauza vitu vyake. Asuman akanunua waya wa umeme. Wakuu, ule waya niliushika. Mnene kama bomba la maji, umevalishwa wavu mweusi, plagi nzito ya kuulia nyoka. Mzungu alimwambia kwao kuna viwanda vinavyotengeneza nyaya hizi kwa ajili ya muziki peke yake, si pasi, si jiko.

Lemi akaona wivu, na Lemi akiona wivu anatengeneza. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa mitambo ya simu, na waya wa simu za jeshi ulikuwa umejaa nyumbani kwao, wanaanikia nguo. Akakata vipande vingi, akampa Keji avisuke vitatu vitatu kama anavyosuka nywele, kisha mafungu yale akayasuka tena. Ukatoka waya mzuri ajabu, kama mkia wa nywele za bibi harusi.

(Wakuu wa umeme, najua, waya wa simu haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Msijaribu nyumbani. Nasimulia kilichotokea.)

Sasa hapo ndipo shida. Asuman aliapa kwamba waya wa kiwandani unatoa besi iliyokaza na sauti ya mwimbaji isiyotetemeka, na ule wa kusuka unafanya muziki ulegee. Lemi aliapa hivyohivyo, kinyume chake. Na hakuna aliyekuwa anadanganya. Hilo lilinishangaza tangu mwanzo, kwa sababu mtu anayedanganya hukwepa jaribio, na hawa walikuwa wananisukuma nikae kwenye gunia nisikilize.

Mdogo wake Lemi alikuwa anaolewa Midia Jumamosi ile. Asuman alisema amplifaya yake haiendi kuchomekwa kamba ya kuanikia nguo mbele ya watu. Lemi alisema spika zake hazitaimba kwa waya uliotupwa na mzungu. Mkokoteni ule mlangoni ulikuja kuchukua spika. Zikitoka siku ile, bibi harusi angeingia kwake kwa makofi matupu, na muziki wao ungeishia pale.

"Wewe sikiliza," Keji akaniambia taratibu huku akinifunga macho kwa kitenge. "Usipendelee mutu."

Nikageuzwa mgongo. Keji ndiye aliyekuwa anabadilisha waya kwa mpangilio anaoujua yeye, na wanaume waliambiwa wakae nyuma yake kimya.

Raundi ya kwanza. Waya wa kwanza, gitaa likasimama mbele yangu kabisa, besi inagonga kifua. Waya wa pili, besi ikalegea, mwimbaji akawa kama amepanda baiskeli kwenye mawe. Tofauti ilikuwa dhahiri. Nikasema wa kwanza.

Lemi akapiga makofi. Ulikuwa wake.

Asuman akasema turudie. Tukarudia. Safari hii wa kwanza ulilegea, wa pili ukasimama. Nikasema wa pili. Asuman akacheka polepole, kwa sababu ule wa pili ulikuwa wake.

Wakaanza kunituhumu wote wawili, mmoja kwa raundi ya kwanza, mwingine kwa raundi ya pili. Nikaona soda yangu inasogezwa mbali.

Nikaomba ya tatu. Na hapo, wakuu, ndipo niliposikia kitu. Wimbo ulianza vizuri, gitaa safi. Katikati ya ubeti, hakuna aliyegusa chochote, besi ikalegea, mwimbaji akapanda baiskeli yake. Baada ya muda kidogo ikarudi nzuri.

Nikauliza, Keji, umebadilisha? Akasema mikono yake ipo mapajani.

Nikavua kitenge, nikatoka nje. Hawa wawili wakadhani nakimbia.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na ile mashine ya kusaga. Injini moja kubwa ya dizeli, mikanda miwili. Mkanda mmoja unazungusha jiwe la kusagia, mwingine unazungusha dinamo inayochaji betri za watu na kupeleka umeme chumbani kwa akina Asuman. Mama mmoja mnene, Mama Zubeda, alikuwa anamimina muhogo mkavu kwa beseni.

Akimimina, injini inaguna. Injini ikiguna, rumba ndani inalegea. Jiwe likimaliza, injini inapumua, na gitaa linasimama.

Nikamwomba asubiri kidogo asimimine. Muziki ukawa mtamu. Nikamwomba amimine. Ukalegea. Nikamwomba asubiri tena.

"Mwanangu," akasema, "mihogo yangu nafanya nini wewe?"

Nikarudi ndani nikawaeleza. Hawakuniamini mpaka Asuman mwenyewe alipotoka kusimama pale karibu na beseni, akawa anamwambia Mama Zubeda amimine, aache, amimine, kama mtu anayefundisha kwaya. Foleni ya wanawake nyuma yake ikaanza kunung'unika.

Lakini Lemi akatoa swali zuri. Kama ni mashine, kwa nini yeye alikuwa anasikia waya wake ni bora kila mara anapousikiliza peke yake?

Nikamuuliza huwa anausikiliza siku gani.

Akajikuna shingo. Ijumaa mchana, akasema. Asuman akiwa msikitini, ili asisumbuliwe na maneno. Mwenye mashine ni Haji, naye huwa msikitini saa hiyo, kwa hiyo jiwe linasimama. Injini haizimwi kwa sababu kuiwasha tena ni kazi ya kutoa jasho, inabaki inazungusha dinamo tu.

Nikamgeukia Asuman. Yeye alitazama dari. Jumapili asubuhi, akasema. Lemi na mkewe wakiwa kanisani. Na wateja wengi wa Jumapili ni akina mama wa kanisani pia, kwa hiyo hakuna wa kusaga.

Waya wa mwenzake, kila mmoja aliusikia siku za kazi tu, wakiwa pamoja, mihogo ikimiminwa.

Keji ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe kila mutu nangoja mwenzake iende kuomba Mungu," akasema, "ndiyo yeye nafungua redio."

Sijawahi kuona watu wazima wawili wakitazama sakafu namna ile.

Bado nilitaka kujua lenyewe. Ukiondoa mashine, je, waya upi? Nikaenda kuwaomba wale wanawake wa foleni wasimamishe kusaga. Wakakubali kwa sharti moja, kwamba wapigiwe wimbo mzima bila kukatwa. Wakajaa mlangoni na mabeseni yao kichwani.

Nilifungwa macho tena. Nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Kweli tupu, wakuu, sikuweza kutofautisha. Mara nilihisi huu una utamu zaidi kwenye sauti za juu, nikirudiwa nahisi ni ule. Nikawaambia sijui.

Akafungwa Asuman. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema ngoja, akasema rudia, akamwomba Lemi aache kukohoa. Akachagua kwa uhakika mkubwa. Wanawake wakapiga kelele ya furaha, kwa sababu alikuwa amechagua ule mkia wa bibi harusi, waya wa Lemi.

Akafungwa Lemi. Huyu alisikiliza nyaya zote mbili, kisha akasema ukweli ambao sikuutegemea kwake. "Mimi nasikia muziki tu."

Asuman alikuwa bado ameshika kile kitenge alichofungwa. Akakikunja vizuri, akampa Keji.

"Lemi," akasema, "Jumamosi dada yetu naolewa. Wewe tia hata kamba ya mbuzi."

Lemi alitoka mlangoni, akamwambia mwenye mkokoteni arudi Jumamosi alfajiri, aje na mwenzake, kwa sababu mzigo utakuwa mkubwa. Mama Zubeda akasema kama kesi imekwisha, yeye ana mihogo.

Jioni ilipokaribia Asuman akaniuliza nalala wapi. Sikuwa nimefikiria. Akanipeleka nyumbani kwake, mkewe akanipa sahani ya ugali wa muhogo na mboga ya majani yenye simsim, yaani ufuta, nikaonyeshwa chumba cha kuwekea vitambaa. Mkeka mpya, na marobota ya vitenge kila upande. Sijawahi kulala mahali panaponukia vizuri vile.

Lemi alimfuata mwenzake kuzungumzia safari ya Midia. Walikaa barazani, upande wa pili wa dirisha langu. Walizungumza jenereta ya huko, nani abebe spika, wimbo gani ufungue. Kisha nikasikia Lemi anasema kwamba yule kijana ana heshima, lakini masikio yake si mazuri sana.

Asuman akafikiri kidogo. "Ndiyo," akasema. "Hata mimi niliona."

Nililala nikitabasamu, wakuu. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana kuhusu waya tangu mzungu aondoke.

Nilichojifunza ni hiki. Sisemi waya wa dukani ni bure, wala sisemi wa kusuka nyumbani ni sawa nao. Ule wa mzungu ulikuwa umetengenezwa vizuri na hautakuchoma nyumba, hilo tu linatosha kuununua ukiweza. Ninachosema ni kwamba masikio yetu hayadanganyi ila hayajui kilichobadilika. Linganisha nyaya saa ileile, mahali palepale, kwa umeme uleule, na mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona. Na mwenzako unayebishana naye awepo chumbani.

Sasa uwanja ni wenu. Wa nyaya nene na wa waya ni waya, karibuni mnipinge. Ila kila anayekuja hapa na ushahidi wake, atuambie kwanza alisikiliza siku gani, na ni nani hakuwepo.