Picha Haikohoi

"Sasa dada, mke ananinunia kwa sababu ya picha! Picha tu, haina mikono wala miguu!"

Hayo mdogo wangu Zebedayo aliyaleta jikoni kwangu, Kyela mjini, hata salamu hakunipa.

"Kwanza sogea, unaniziba moto. Pili, Ikupa umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu."

"Zebedayo."

Akatazama chini. Huyu akitazama chini, jua kitu kipo.

Kazi yake ni kuwajazia wafanyabiashara karatasi za forodha pale Kasumulu, mpakani, lakini kiasili yeye ni mtu wa kuokota. Tangu biashara iruhusiwe na bidhaa zianze kuvuka mchana kweupe, kila kilichopita daraja la Songwe yeye alitaka ganda lake: viberiti vya Malawi, vibandiko vya chupa, karatasi za sabuni. Nyumba ikajaa. Mwaka 2003 Abdulwahab, yule muuza vitenge, akaweka kompyuta za intaneti chumba cha nyuma ya duka, na Zebedayo akajipatia tovuti ya bure. Akapanga humo viberiti vyake, majina ya mabasi yaliyowahi kuharibikia njia ya Tukuyu, methali za Kinyakyusa, namna ya kupika samaki mbasa kwa ndizi, na mashairi yake ambayo, Mungu anisamehe, ningeyatupa mtoni.

Aliyechapa yote hayo ni mkewe, Ikupa. Zebedayo anachapa kwa kidole kimoja kama anayebonyeza jipu. Ikupa alikuwa mchapaji wa ofisi mpaka walipopunguza watu. Kila Jumamosi mume anasema, mke anachapa, wanabishana juu ya methali mpaka duka linafungwa. Ndiyo ilikuwa raha ya ndoa yao.

Halafu mwenzetu akaweka picha ya baba yetu ukurasa wa kwanza. Juu kabisa. Kubwa.

Kwetu mke hamtazami mkwe wake usoni. Baba akitokea njiani, Ikupa anajifunika kitenge na kugeukia migomba. Wasichana wa siku hizi wameanza kuacha, yeye hajaacha, na baba anampenda kuliko sisi tuliotoka kwake. Sasa kila akifungua tovuti, mkwe huyo hapo! Na mashine zenyewe zilikuwa goigoi: picha inashuka mstari kwa mstari, kofia kwanza, kisha paji la uso. Ikifika kwenye nyusi, Ikupa yuko nje. Mwishowe akawa anafunika nusu ya kioo kwa kitenge chake, anachapa huku kimening'inia.

"Watu wakacheka," Zebedayo akasema. "Wakamwita bibi harusi wa kompyuta."

"Na wewe?"

Akaanza kuchokoa majivu kwa kijiti.

"Na wewe, Zebedayo?"

"Nilicheka, dada. Nikakivuta kile kitenge." Akaangalia moto. "Akafumba macho, akapapasa ukuta mpaka mlangoni."

Nikaipua sufuria, nikampeleka Ndandalo kwa baba.

Tulimkuta mzee anageuza kakao juani. Zebedayo akasimulia yote, tena bila kujipunguzia. Baba aliendelea kugeuza.

"Mimi nikikaribia kwako huwa nafanya nini?"

"Unakohoa, tata."

"Kwa nini?"

"Ili Ikupa asikie, apate kupisha."

"Hiyo picha yako inakohoa?"

"Haikohoi, tata."

"Tangu umwoe yule mtoto nimekohoa mpaka watu wakadhani nina kifua kikuu. Yeye ananipa heshima, mimi nampa nafasi. Wewe umenisimamisha mahali nisipoweza kukohoa, halafu umemvua heshima yake ukacheka!"

"Nitaiondoa, tata."

"Utaiondoa. Na unadaiwa kuku wa kuomba radhi. Si wangu, wa mkeo. Umpe palepale ulipochekea."

Picha aliihamisha mwenyewe, kwa kidole chake kimoja, ukurasa wa ndani. Ule wa mbele akaandika: *Mzee yuko chumba cha ndani. Mwenye kumstahi asifungue.* Lakini kuku! Mara kuku wa sokoni wamekonda, mara mvua.

"Kuku wamekonda au wewe mwoga?" nikamuuliza.

"Mwoga," akasema. "Usiku nikifumba macho namwona akipapasa ule ukuta."

"Basi nenda na uoga wako."

Jumamosi nilimchukua Ikupa tukaangalie vitenge vipya kwa Abdulwahab, nikamwambia njiani kuwa picha imehamishwa. Tukiwa tumeingia chumba cha kompyuta, Zebedayo akaingia na tetea kwapani.

"Bwana Zebedayo!" Abdulwahab akapiga kelele. "Kuku na kompyuta wapi na wapi? Akininyea mashine utaisafisha kwa ulimi!"

Chumba kizima kikacheka. Zebedayo akawaacha wacheke. Akaenda mpaka mbele ya mkewe, akainama, akamnyooshea yule kuku kwa mikono miwili.

"Mama Lugano, nilikuvuta kitenge mbele ya hawa. Nilijua ninachofanya, na ndicho kinachoniuma. Nimekosa."

Hapo hakucheka mtu. Ikupa alimwacha ameinama, muda mrefu kuliko mimi ningeweza kuvumilia. Kisha akampokea kuku, akampapasa kifua, akamwinua bawa.

"Anataga huyu?"

"Anataga."

"Ndaga, asante." Akanigeukia. "Wifi, nishikie."

Akavuta kiti mbele ya kompyuta, akaketi. Zebedayo bado hakuthubutu kuinua uso.

"Keti, baba Lugano," akamwambia. "Hilo limekwisha."