Pilau yangu ya Hagsätra imewekwa maktaba, na jibu langu liko ubavuni mwake

Wakuu, kama humu bado kuna walionizidi umri, shikamooni. Wengine wote, marahaba.

Mimi nimeishia darasa la nne, sijui kupamba. Ninachosimulia kilitokea, na asiyeamini apande ndege aende Stockholm, aombe boksi aletewe mezani asome mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilishuka Sweden kutoka meli ya mizigo, nikiwa kibarua wa kupaka mafuta injini. Nikapata kazi kiwanda cha malori, Södertälje. Baadaye nikafungua gereji yangu Farsta. Hakuna aliyenishika mkono, andikeni hivyo.

Nilikuwa nakaa Hagsätra, pembeni mwa Stockholm, jengo moja na Bakari, mtu wa Pangani. Alikuja kujifunza uchapaji, akabaki. Tulimwita Malenga, kwa sababu kila kitu kwake kilikuwa shairi. Aliandika nyuma ya mabango yaliyoharibika kwenye kiwanda chao cha uchapaji, akayarundika chini ya kitanda.

Sasa sikilizeni mkasa wenyewe.

Idi moja nikaalika watu kwangu. Watanzania, Waganda, Waislamu, Wakristo, wote. Nikasema nitapika pilau mimi.

Nikaenda dukani. Kiswidi cha kusoma sikuwa nacho, nikachukua pakiti iliyonipendeza. Mchele ni mchele, au siyo?

Siyo, wakuu. Waswidi wana mchele mfupi wa duara, kazi yake kupikia uji wa maziwa wa Krismasi. Mimi nikautia bizari, nyama na vitunguu.

Nilipofunua, mwiko ukasimama wenyewe.

Mganda mmoja akaniuliza kwa upole, "Fundi, hii ni posho ya mchele?" Posho kwao ni ugali. Watu wakala huku wanafuta machozi. Nami hadi leo nasema ladha haikuwa na kasoro. Umbo tu.

Wiki haikuisha, Malenga akaghani mbele za watu. Juu ya karatasi kaandika kabisa, Pilau ya Fundi Salehe. Ndiye mimi.

Fundi katukaribisha, pilau huko nyumbani
Sufuria akashusha, tukajongea mezani
Mwiko tukauzungusha, ukanasia chunguni
Uji umetiwa nyama, sasa nao waitwani?

Shairi likaenea kama mafua. Mtu ananipita stesheni, hanisalimii, anasema tu, "Sasa nao waitwani?"

Nikavumilia. Nikajua maneno hupita.

Miaka ya sabini ikiwa katikati, Malenga akaamua kurudi nyumbani moja kwa moja. Karatasi zake zisingeingia kwenye ndege. Maktaba kubwa ya mjini ikaziomba izihifadhi. Aliyesimamia ni mama mmoja, Bi Gunilla, aliyewahi kufundisha Tanganyika. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi yenu humu.

Mwenye gari ni mimi, basi nikabeba. Tumezipanga kwenye maboksi ya ndizi, tunakaribia mjini, Malenga ananiambia, "Ile ya pilau nayo imo."

Nikapiga breki.

"Itoe."

"Haitoki."

"Malenga, hilo ni jumba la serikali. Mimi nikifa, wajukuu zangu watakuja kusoma kwamba babu yao alipika uji?"

"Kwani ulipika nini?"

Nikakanyaga mafuta hadi tukafika. Nikamwendea Bi Gunilla nikamweleza aibu yangu. Akacheka kidogo, akajizuia.

"Bwana Salehe, siwezi kuchana kazi ya mtu. Ila mpaka atie sahihi jioni hii, anaweza kuongeza."

Malenga akadakia, "Si umesikia? Kwetu shairi halichanwi, linajibiwa. Lisipojibiwa umeshindwa. Jibu basi, fundi wa malori."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikavuta kiti.

Tatizo likawa mwandiko. Wangu hata mimi siusomi, na Bi Gunilla alikuwa na maboksi ya kupokea. Aliyebaki ni Malenga mwenyewe. Basi nikamtukana kwa mkono wake. Mimi nasema, yeye anaandika, anahesabu mizani kwa vidole.

"Huo umezidi, punguza."

"Andika ulivyoambiwa."

"Sitaki nitukanwe kwa shairi bovu. Punguza."

Nikapunguza. Likatoka hivi:

Malenga wanisimanga, kwa kinywa kilichoshiba
Sahani uliipunga, uongezwe siyo haba
Shati halikujifunga, tumbo lilivyolikaba
Uji usio na jina, na kwako ukaubeba

Kweli tupu. Alibeba kwenye ndoo.

Alipofika mstari wa mwisho kalamu ikamshinda kwa kicheko, kichwa kikalala mezani. Watu wa maktaba wakatugeukia, humo ndani hata kukohoa unaona haya. Bi Gunilla naye akatoka nje na leso mdomoni.

Nikaenda kusogeza gari. Niliporudi Malenga alikuwa anatia sahihi, anatabasamu peke yake. Sikumuuliza. Nilikuwa nimeshinda.

Akaondoka. Tuliandikiana, tukatumiana salamu kwa wasafiri, kisha nikapata habari kwamba amefariki kwao Pangani, uzeeni, kitandani mwake.

Majuzi nikampeleka mjukuu wangu maktaba akaone jina la babu yake. Huyu ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Boksi likaja. Shairi la pilau hilo hapo. Jibu langu hili hapa. Nikavimba.

Mjukuu akafunua nyuma ya jibu langu. Kulikuwa na karatasi nyingine.

Ndugu jibu nimetii, mkono wangu wandika
Nilikula sikatai, tena nilifurahika
Ila kupika hujui, kweli haitafichika
Ukinialika tena, mbio mbio nitafika

Mjanja yule. Aliiandika niliposogeza gari.

Miaka yote hiyo najiona mshindi, kumbe neno la mwisho ni lake. Nikacheka mpaka mjukuu akanishika bega.

Nikaomba karatasi nijibu. Binti wa mezani akasema haiwezekani, aliyetoa ameshafariki, boksi halipokei tena.

Ndiyo maana niko hapa, wakuu. Funzo langu ni fupi. Mtu akikuandika, usihangaike kuchana shairi lake. Kaa ujibu, na kabla hujajiita mshindi, funua na nyuma. Maktaba imenikatalia, jukwaa halijanikatalia. Safari hii mizani nimehesabu mwenyewe.

Malenga nimeisoma, nimecheka peke yangu
Mchele wa leo mwema, nimechagua mwenzangu
Sahani yako daima, ipo kwenye meza yangu
Nimekualika tena, njoo mbio ndugu yangu

Wenye vina humu, mjibieni, yeye hawezi tena. Ila mizani ikizidi nitawaambia mpunguze.