Karanga za Nyumbani

Mzee Jabiri wa kijiji cha Janga hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, hata tembo lile la mnazi ambalo wengine hujidai ni juisi tu. Lakini ini lilipomvimba, macho yakawa manjano na tumbo likajaa maji, swali la kwanza la daktari lilikuwa hilo hilo: "Mzee, unakunywa?" Na kijijini, watu bwana, hawakungoja hata jibu. Kimya kingi kina mshindo, walisema, kumbe mzee wa msikitini naye alikuwa anapiga vitu kisirisiri. Maneno hayo yalimkuta mkewe Zuleha kisimani. Alirudi na ndoo nusu, akalia jikoni peke yake.

Akalia, akamaliza. Zuleha si mtu wa kushinda analia. Alijiapiza kwamba mume wake hafi, basi. Binti yao Ashura, aliyeolewa Visiga, akaja na simu yake na masharti: chumvi ipungue, vya kukaanga viondoke, soda marufuku, mboga za majani kila siku, asubuhi mzee atembee kidogo. Na yoga.

"Yoga ndiyo nini?" Jabiri akauliza.

Ashura akatandika mkeka uani, akamwonyesha kwenye simu watu wanaojipinda huku wakivuta pumzi polepole. "Inatuliza mwili, baba."

"Mwanangu, kama ni kuinama, mimi nainama mbele ya Mola tangu utoto. Hili ini tu halina shukrani."

Akajipinda hivyo hivyo, mkewe kamshika kiuno asianguke. Wakacheka wote watatu. Siku ile Zuleha aliamini kabisa kwamba atapona.

Lakini tegemeo lake kubwa lilikuwa uji. Unga wa lishe aliuandaa mwenyewe: mahindi, mtama kidogo, na karanga nyingi, maana kila aliyekuja kumjulia hali mzee alisema mgonjwa anataka nguvu. Karanga hazikuwa shida, zilikuwa za shamba lao. Kila baada ya mavuno Zuleha hukaa barazani na ungo, akachambua kama alivyofundishwa na mama yake. Zilizo nzima na safi zinaingia kwenye gunia la kwenda Mlandizi sokoni. Zilizosinyaa, zilizopauka, zenye ukungu wa kijani, hizo za nyumbani. Nani atanunua karanga mbovu? Na nani mwenye akili atatupa chakula? Unaziosha, unazianika, unazikaanga mpaka zinukie, kuvu kwisha habari yake. Ndivyo walivyokula miaka yote, na majirani wanakula hivyo hivyo, wala hakuna anayeona ajabu.

Basi Jabiri alikunywa uji ule asubuhi na jioni. Alivyozidi kukonda, ndivyo Zuleha alivyozidi kumkorogea mzito.

Siku moja akapita Yasinta, bibi shamba wa kata, akamkuta na ungo wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Yasinta akachuchumaa, akachota karanga chache kwenye lile fungu la pembeni. "Hizi unazipeleka wapi?"

"Hizo za nyumbani. Namsagia mgonjwa wangu."

"Anaumwa nini?"

"Ini."

Yasinta akazirudisha karanga kwenye fungu. Kisha akamweleza taratibu kwamba kuvu lile linaacha sumu, sumukuvu inaitwa. Ukiosha haitoki, ukikaanga haiishi, na ikiingia mwilini inakwenda kulishambulia ini.

"Kwa hiyo ni mimi?" Zuleha akauliza.

"Siwezi kusema hivyo, mama. Ini lina maadui wengi. Hata daktari huenda asijue."

Heri angeambiwa ndiyo. Heri angeambiwa hapana. Aliachwa hapo katikati, na mtu hawezi kukaa hapo akapata usingizi. Aliumwaga unga wote shimoni, akaufukia, kisha akaitazama mikono yake na kuichukia.

Kumwambia mzee hakuweza. Hospitali walikwisha kumweleza Ashura kwamba ugonjwa umefika mbali, wamrudishe baba nyumbani, wampe kile anachoweza kumeza. Na alichoweza kumeza ni uji wa mkewe.

Karanga safi zilikuwa zimeshauzwa zote, basi Zuleha akaenda Mlandizi, kwa yule yule mwenye duka wanayemuuzia kila msimu.

"Mama Ashura, leo unanunua karanga? Mkulima mzima?" akamtania.

Zuleha akachagua zilizo nzima. Akapimiwa, akalipa, akarudi kukaanga na kusaga.

Alimkuta mzee ameegemea ukuta, akamnywesha mwenyewe. Jabiri akapiga funda moja, akaliweka mdomoni kwanza kabla ya kulimeza. Akafumbua macho.

"Mama Ashura, karanga hizi umezitoa wapi?"

"Zetu hizo, Baba Ashura. Zile za sokoni."

Akapiga funda la pili, likamsumbua kushuka. La tatu halikuwezekana. Akakisukuma kikombe kwa kiganja.

"Tamu," alisema. "Miaka yote hii nalima karanga, kumbe ndivyo zilivyo."

Zuleha alibaki na kikombe mkononi, bado kimejaa.

"Msimu ujao," mzee akasema, macho ameshayafumba, "tusiziuze zote."