Mjane Juu ya Ukurasa

Msichana aliyeletwa kulipanga jarida la kanisa pale Kitengela, ili apewe alama chuoni, alikuwa na rula ya chuma ambayo kila mara aliipangusa vumbi la machimbo kwa sketi. Alifumba jicho moja, akapima nafasi kati ya herufi na herufi. Karatasi aliigeuza juu chini ili aitazame bila kuisoma, na akikwama aliibembeleza kompyuta kama ng'ombe anayekataa kukamwa. Mama Mugure, mwenyekiti wa wajane, aliketi nyuma yake akiulinda ukurasa wa kikundi, maana aliuandika mwenyewe, kila neno. Ndipo akamsikia akinung'unika, "Huyu mjane amenisumbua. Leo lazima atoke hapa."

Mama Mugure akasimama wima. "Mwanangu, wajane wamekukosea nini? Hata Bwana aliwahurumia!" Mahubiri yake yalikuwa yameshafika kwa Ruthu na Naomi wakati msichana alipoweka ncha ya rula juu kabisa ya ukurasa, penye maneno mawili yaliyokaa peke yao. "Pole, Mum. Mjane ni huu mstari. Wenzake wamebaki ukurasa wa nyuma. Haachwi hivyo, tunamrudisha kwao. Nikitoa neno moja tu huko nyuma, anarudi." Mama Mugure akaketi polepole. "Toa basi, mwanangu. Lipi?" Rula ikarudi ukurasa wa nyuma, ikatulia pale Mama Mugure alipojiandika: mwenyekiti wetu mpendwa, mnyenyekevu. "Hili la mwisho," msichana akasema. "Ni refu."