Cherehani Isiyoshona

Mwaka niliorudi Kigali kutoka Tanzania, nilikolelewa, nilipata kazi ya kutathmini maisha ya bidhaa, tangu malighafi yake hadi inapotupwa. Nilichora visanduku na mishale. Ikiwa ni gauni, inaingia mishale ya kitambaa, uzi na umeme. Inatoka ya gauni lenyewe, vipande vya kutupa na joto. Kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka. Nilipenda hivyo. Niliishi peke yangu mtaa wa Rebero, na Jumapili nzima iliweza kupita sijatamka neno.

Siku moja nilipelekwa Gitega, mtaa mwingine wa Kigali, kwa mama mmoja fundi wa magauni, mjane, Mwislamu. Nikapima vitambaa vyake, nikafunga kipimo kwenye waya wa umeme. Vitambaa vililingana. Umeme ukagoma kulingana: ulikuwa mwingi mno kwa cherehani moja na pasi.

"Mama, kuna kitu kingine unawasha?"

Akaitazama cherehani ya pili, kando ya ukuta. Haikuwa na uzi.

"Ile ya mzee wangu. Tangu afariki naiwekea jiwe kwenye pedali. Iko inalia tu, haishoni kitu. Tulikuwa tunashona wawili, binti yangu. Kimya cha hapa sikiwezi."

Akaiwasha. Tukaisikiliza pamoja, sindano ikipanda na kushuka bila nguo.

Nilimpigia simu mkuu wangu.

"Umeme huo ugawe kwenye magauni," akasema. "Hauzalishi kitu."

"Unazalisha sauti."

"Sauti ya nini?"

 Umeme huo nikauchorea kisanduku chake: umeme unaingia, joto na sauti vinatoka. Kwenye ripoti ya mwisho kisanduku hicho hakikuwemo. Magauni yalikuwa yamebebeshwa umeme wote. Kihesabu ilikuwa sawa, sikubishana.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Gitega, nikasema nataka gauni. Sikulihitaji. Mama akanisimamisha mlangoni penye mwanga, akanipitishia utepe mabegani, kisha kiunoni, taratibu. Nikatambua kwamba tangu nifike mjini hapa, watu walikuwa wamenipa mkono tu.

"Umekonda," akasema. "Unakula na nani?"

"Peke yangu."

Akaviringisha utepe, akaenda nyuma ya pazia. Nikasikia sahani zikigongana.

"Nawa mikono," akaniita.