Kikohozi Bafuni mwa Karavani

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu, mjane Mkenya, hadi gereji moja ya Minto, kitongoji chetu huku ughaibuni. Wanawe walitaka kuipeleka karavani ya marehemu baba yao, nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, kwenye milima ya theluji, na fundi Mkongo alikuwa ameunganisha mashine ya upepo ili kuyasukuma maji yatoke mabombani.

"Usiyamwage yote," mama alimwambia. "Hilo tangi alilijaza mwenyewe, wiki ile aliyofariki."

"Pole, mama. Yakibakia hata kidogo, yataganda kule na mabomba yatapasuka. Utapoteza na karavani."

Mama akaingia ndani, akakinga viganja chini ya koki ya jikoni, akanawa uso polepole. Alipotoka alisema, "Haya, puliza."

Koki ya jikoni ilitema maji, ikapumua, ikatulia. Ya bafuni ilikohoa: mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu.

Mama akanishika mkono. "Ndivyo alivyokohoa kila asubuhi."

Fundi alizima mashine na kuchomoa mpira wa upepo. Tukangoja. Bafuni kukakohoa tena, vilevile.

"Ni hewa tu imebakia," fundi alisema, nami namwamini. Hewa iliyobanwa hutafuta njia. Lakini alipotakiwa kwenda kuifunga koki hiyo, mtaalamu wetu wa hewa alisimama mlangoni pa karavani isiyo na mtu, akavua kofia.

"Hodi, papa," akaita, kama Wakongo wanavyomwita baba.

Hakusogea. Mwishowe mama ndiye aliyemwitikia, kwa sauti ya mwenye nyumba: "Pita tu, fundi. Mzee hajawahi kumfukuza mgeni."