Nimetuma Kama Nilivyopokea

Ndugu yangu anayenifuata ana kifafa. Akitoka kuanguka, kwa muda hajui jina lake wala njia ya nyumbani. Kwetu Merigi hilo halikuwa tatizo. Yeyote aliyemkuta ameketi kando ya barabara akiitazama mikono yake alimshika akamleta. Tangu mama alipomfuata baba kaburini, nami nikaacha shule darasa la saba ili niwalee wadogo zangu, nimeletewa hivyo mara nyingi.

Siku aliyopotea alikuwa amekwenda hospitali ya Longisa kuchukua dawa. Dawa aliipata, maana aliyempa alimkumbuka. Nyumbani hakufika. Nilimtafuta kwenye vituo vyote vya magari, kisha nikaandika meseji: kijana mrefu, jaketi la bluu, kovu kidevuni. Nikaongeza maneno niliyoona ndiyo yatakayomsaidia zaidi: "Huenda hajui jina lake. Tafadhali msimwache." Nikaituma pamoja na picha kwenye grupu la kanisa, la wakulima wa chai na la ukoo, nikiwasihi wote waipitishe.

Waliipitisha. Mvua zilipoanza nilikuwa kwenye kituo cha majani, tukisubiri lori la kubeba chai. Jirani yangu alikuwa akiwasomea wenzake kutoka kwenye simu yake:

"Wazazi, tahadhari! Kuna watu wanapulizia vijana unga usoni hadi wanasahau majina yao. Mmoja ameonekana huku Bomet, jaketi la bluu, kovu kidevuni. Ukikutana naye usimkaribie, unga bado uko kwenye nguo zake. Nimetuma kama nilivyopokea."

"Mungu wangu," akasema mama mmoja. "Na mimi vile napenda kusalimia watu."

"Wewe? Huo unga ndio utakukimbia!"

Wakacheka. Nilitua kikapu nikamwomba jirani anionyeshe aliyemtumia. Alikuwa senge, dada ya marehemu baba, yule aliyenishikilia siku tulipomzika mama. Nikampigia hapo hapo.

"Senge, ile meseji uliyotuma umeisoma?"

"Ya unga? Nimesoma, mama. Dunia imeharibika. Hao watoto wakae nyumbani, unasikia?"

"Jaketi la bluu, Senge. Kovu kidevuni."

Nilisikia redio yake ikiendelea kuongea.

"Haikuwa na picha," akasema mwishowe. "Wala jina. Nilidhani ni mtoto wa watu wengine."

Jioni hiyo niliandika tena kwenye magrupu yote. Nikaeleza kwamba hakuna unga, huyo ni ndugu yangu, na ugonjwa wake hauambukizi. Wengine walinijibu kwa mikono ya kusali. Binamu yangu mmoja, bila kuisoma yote, akaandika, "Dada, hizi stori tumezizoea, wacha kutisha watu." Yangu ilikwama hapo. Ile ya unga iliendelea kutembea, na ilipoturudia ilikuwa imetokea Nakuru, na vijana wamekuwa watatu.

Mdogo wetu akashika zamu yangu shambani, nami nikachukua picha nikaanza kuzunguka senta moja baada ya nyingine. Wengi walitikisa kichwa kabla ya kuitazama vizuri. Fort Ternan, karibu na reli, mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi aliishika muda mrefu.

"Ana kovu hapa?" Akagusa kidevu chake.

"Ndiyo."

"Huyu alikuja. Aliomba maji." Hakuniangalia. Aligeuza mahindi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa. "Tukamuuliza jina, akasema hajui. Na sisi tulikuwa tumepata hiyo meseji, mama. Vijana wakamrushia mawe. Si makubwa. Ya kumfukuza tu."

"Maji mlimpa?"

Alitikisa kichwa.

"Ilikuwa lini?"

"Kabla mvua hazijaanza."

"Alielekea wapi?"

Akanyoosha mkono kuelekea chini, reli inakoingia kwenye miwa. Kisha akafunga mahindi mawili kwenye gazeti akanipa, akakataa pesa.

Nikafuata reli. Kwenye nyumba ya kwanza mbwa walibweka, na mwanamume akachungulia dirishani akiuliza ninataka nini. Sikusogea karibu. Nilisimama pale njiani, nikainua picha juu aione, nikaanza kueleza.